Ametoka Gereza la Tukuyu, Dawa Zake Ziko Wapi?

Desemba 9, 2019, siku ya Uhuru, Rais John Magufuli aliwasamehe wafungwa 5,533 nchi nzima. Muda mfupi baadaye vyombo vya habari viliripoti kisa cha mfungwa mmoja wa Gereza la Ruanda, Mbeya, aliyefunguliwa mlango akagoma kuondoka kwa hofu ya maisha ya uraiani. Wengi walicheka. Lakini anayeishi jirani na gereza lolote anawajua wale ambao hawakugoma: walitoka, wakakaa kijijini mwezi mmoja au miwili, wakakamatwa tena kwa kosa lilelile. Kuku wa jirani, simu ya abiria pale stendi, ugomvi wa kilabuni.

Makala hii ni ya familia za Tukuyu na vijiji vya Rungwe zenye ndugu wa namna hiyo: anaumwa akili, au amezama kwenye pombe, bangi au unga, na amekwisha kupita mikononi mwa polisi angalau mara moja. Jirani watakwambia amezoea jela. Mimi naona vingine. Wengi wao tiba yao hukatika mahali pa kukabidhiana: kutoka kliniki kwenda mahabusu, mahabusu kwenda mahakamani, gerezani kwenda nyumbani. Katika kila makabidhiano muuguzi anadhani askari anajua, askari anadhani hakimu ameambiwa, hakimu anadhani gereza lina taarifa, na gereza linadhani familia itashughulikia. Mwisho wake mtu anafika Kiwira au Masoko bila kidonge, bila karatasi, na bila anayejua sindano yake ya mwisho alichomwa lini. Familia ndiyo pekee inayomfuata mtu huyu kwenye milango yote, kwa hiyo karatasi inabidi ibebwe na familia.

Kwanza tuondoe uongo mmoja. Wagonjwa wengi wa akili hawamdhuru mtu, na mara nyingi wao ndio wanaopigwa, wanaoibiwa na kubakwa. Mwaka 2009 Seena Fazel wa Chuo Kikuu cha Oxford na wenzake walikusanya tafiti nyingi kuhusu skizofrenia na vurugu. Walikuta kwamba hatari huongezeka kidogo kwa mgonjwa asiyetumia kilevi, na huongezeka sana kwa anayetumia. Tena huyu wa pili hatofautiani sana na mlevi au mtumia dawa za kulevya asiye na ugonjwa wowote wa akili. Kwa lugha ya Rungwe: kijana anayekunywa vidonge vyake na kukaa mbali na kimpumu, gongo na bangi ni jirani wa kawaida. Ukimwogopa, ogopa chupa iliyo mkononi mwake. Viroba vilipigwa marufuku Machi 1, 2017, lakini pombe kali haikutoweka, ilihamia kwenye chupa ndogo, na gongo haikuwahi kuomba leseni ya mtu.

Pa kuanzia

Mlango wa kwanza ni zahanati au kituo cha afya cha kata yako. Usitegemee kumkuta bingwa wa magonjwa ya akili pale. Mganga au muuguzi atamsikiliza mgonjwa, na likimzidi ataandika rufaa. Juu yake ipo Hospitali ya Wilaya ya Rungwe, Makandana, pale mjini Tukuyu, na kwa wengine Hospitali ya Igogwe ya Kanisa Katoliki iko karibu zaidi. Ukifika hospitali ya wilaya, muulizie mratibu wa afya ya akili wa wilaya kwa cheo chake. Huyo ndiye anayejua siku za kliniki, dawa zilizopo mwezi huu, na zahanati gani inaweza kumpa mgonjwa sindano bila kumpandisha gari hadi mjini. Wagonjwa wa kifafa nao mara nyingi huhudumiwa kwenye kliniki hiyohiyo. Juu kabisa kwa upande wetu ipo Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, kama kilomita 70 kutoka Tukuyu, kisha Mirembe iliyoko Dodoma, hospitali ya akili iliyoanzishwa mwaka 1927.

Gharama zisikurudishe nyumbani. Magonjwa ya akili yanahesabiwa kati ya magonjwa sugu ambayo sera ya afya inayapa msamaha wa malipo katika hospitali za serikali. Msamaha haujileti wenyewe, lazima uombwe. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri ukiwa na barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa. Mara nyingine utaambiwa dawa zimekwisha. Hapo omba jina la dawa liandikwe vizuri kwenye karatasi, uliza kama ipo nyingine ya kundi hilohilo, na uliza itafika lini. Kuondoka kimya ndiko kunakoanzisha mwezi bila dawa, na mwezi bila dawa ndio unaowaleta polisi.

Kwa mgonjwa anayekataa vidonge au kuvisahau, uliza kuhusu sindano ya mwezi. Flufenazini ya kudumu huchomwa kila baada ya takriban wiki nne, na kwa familia nyingi ndiyo tofauti kati ya ugomvi wa kila asubuhi na amani. Ina madhara yake pia: kukakamaa, kutetemeka, mate kutoka. Yaseme kliniki ili apewe dawa ya kuyapunguza. Vijana wengi huacha tiba kwa sababu ya madhara hayo, si kwa ukaidi.

Kuhusu waganga wa jadi, sitaki kuwakemea. Mwaka 2003 watafiti walichapisha matokeo ya utafiti uliofanywa Dar es Salaam: kati ya waliokuja kwenye vituo vya afya, asilimia 24 walikuwa na matatizo ya kawaida ya akili kama sonona na wasiwasi, na kati ya waliokwenda kwa waganga wa jadi, asilimia 48. Wagonjwa wetu wako kule kwa waganga, na wachungaji wa Moravian, wa KKKT na wa makanisa ya maombi wanawaona kabla ya daktari. Tata au juba, yaani baba au mama, akisisitiza mtoto apelekwe kwenye maombi, apelekwe, ila vidonge viende naye mfukoni. Kinachoua ni sharti la kuacha dawa, na kufunga watu kamba au minyororo kwenye kijumba cha uani. Mgonjwa akiwa mkali kiasi hicho anahitaji hospitali usiku uleule. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inaruhusu mtu kulazwa hata kama hataki, pale ugonjwa unapohatarisha maisha yake au ya wengine. Mwite mtendaji wa kijiji, na polisi ikibidi, mwende naye.

Methadoni, na kile isichotibu

Watu wamesikia kwamba Mbeya kuna dawa ya mateja. Ni kweli. Tanzania ilianza kutoa methadoni Muhimbili mwaka 2011, na Hospitali ya Kanda Mbeya ikapata kliniki yake mwaka 2017. Hii ni tiba ya heroini, yaani unga. Humtoa mtu kwenye arosto, humtuliza, na kumwondolea sababu ya kuiba kila siku apate hela ya kete. Inanywewa mbele ya muuguzi, kila siku, na ni bure.

Hapo kwenye "kila siku" ndipo Tukuyu inapoumia. Kwenda Mbeya na kurudi, siku saba za wiki, nauli yake inaishinda familia ya mchuma chai. Waliofanikiwa wengi walihamia Mbeya kwa muda, kwa ndugu au chumba cha kupanga, hadi walipotulia. Mzungumzeni hilo kabla ya kuanza, kwa sababu kuanza na kuacha baada ya wiki tatu kunamrudisha mtu kwenye unga akiwa na aibu ya ziada. Muulizeni pia mhudumu wa kliniki utaratibu uliopo kwa mgonjwa aliyetulia anayeishi mbali.

Lakini tusidanganyane. Kwa vijiji vingi vya Rungwe adui mkubwa ni pombe, na bangi baada yake, na methadoni haitibu hata kimojawapo. Tiba ya pombe ni ndefu na haina kikombe cha uchawi. Jambo la kwanza kujua ni la hatari: mtu anayekunywa kila siku tangu asubuhi asiachishwe ghafla kwa kufungiwa chumbani. Ndani ya siku mbili tatu anaweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwapo, kuanguka degedege, na wengine hufa. Apelekwe Makandana au Igogwe aachishwe chini ya uangalizi, kwa diazepamu inayopunguzwa taratibu na vitamini B1. Baada ya hapo inaanza kazi ya miezi ya ushauri, ya kubadili marafiki, na ya kutafuta njia ya kwenda nyumbani isiyopita kilabuni.

Nyumba za upataji nafuu, zile watu wanazoziita soba hausi, zipo mikoa kadhaa, na familia ndiyo hulipa. Kabla ya kutoa hata shilingi, piga simu Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, namba 119, bure, uulize kama nyumba hiyo inatambuliwa. Nyumba inayompiga mgonjwa au kumzuia kuonana na ndugu zake, mtoe.

Akikamatwa

Saa za kwanza kituoni zina uzito kuliko watu wanavyodhani. Fika na kadi ya kliniki na dawa zake. Usianze na kelele za kuonewa. Mwombe mkuu wa kituo au mpelelezi aandike kwenye jalada kwamba mtuhumiwa ni mgonjwa, anatibiwa wapi, anatumia dawa gani. Dhamana ya polisi haina malipo. Kama amejeruhiwa au amechanganyikiwa, omba apelekwe hospitali kabla ya kuhojiwa. Maelezo yaliyochukuliwa kwa mtu anayesikia sauti za wasioonekana hayamsaidii mtu yeyote, hata polisi mwenyewe.

Kuna jambo moja familia huficha kwa hofu. Sheria yetu ya Kanuni za Adhabu bado inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, kwa hiyo aliyekunywa sumu ya wadudu wa mboga hufichwa ndani, akinyweshwa maziwa, kwa kuogopa kesi. Hospitali kwanza. Mengine yatazungumzwa akiwa hai. Jirani zetu Kenya, Januari 2025 Mahakama Kuu yao ilitamka kwamba kumshitaki mtu kwa kujaribu kujiua kunapingana na katiba. Kwetu mjadala huo bado.

Mahakamani

Siku ya kwanza ya shauri, iwe Mahakama ya Mwanzo au ya Wilaya pale Tukuyu, hakimu aambiwe. Mshtakiwa mwenyewe huenda asiseme, au akasema "nakubali kosa" ili yaishe. Kama hamna wakili, muulizeni afisa ustawi au karani wa mahakama kuhusu watoa msaada wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua, wasaidizi wa kisheria wakiwamo, na huduma yao kwa asiye na uwezo ni bure.

Kuna njia mbili za kuuleta ugonjwa mahakamani, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni kusema mshtakiwa hakuwa na akili timamu alipotenda, au hana akili timamu sasa hivi kiasi cha kujitetea. Mahakama ikiona hoja ina msingi huagiza apimwe, na sheria inampa daktari siku 42 kutoa taarifa. Upimaji wa kesi nzito hufanyika Isanga, sehemu ya Mirembe inayopokea wagonjwa wenye mashtaka, zaidi ya kilomita 600 kutoka Tukuyu. Ikithibitika kwamba alitenda akiwa hajui alitendalo, haachiwi kwenda nyumbani jioni hiyo. Huwekwa chini ya ulinzi kama mgonjwa, na amri hiyo haina tarehe ya mwisho kama ilivyo ya kifungo. Kwa kesi ya kuua, njia hii ni haki yake na ni lazima ifuatwe. Kwa kesi ya mkungu wa ndizi, inaweza kumgharimu miaka ambayo kosa lenyewe lisingemgharimu. Muulizeni wakili waziwazi: tukienda njia hii, atatoka lini, na nani anaamua?

Na mlevi asijidanganye. "Nilikuwa nimelewa" haimwokoi mtu, isipokuwa katika mazingira machache sana, kwa mfano aliyeleweshwa na mwenzake kwa hila bila kujua.

Njia ya pili ndiyo ninayoipendelea kwa makosa madogo: kukubali kwamba kosa lipo, na kuiomba mahakama adhabu inayomwacha mtu karibu na kliniki yake. Ipo probesheni, ambapo anakaa nje kwa masharti, na masharti hayo yanaweza kuwa pamoja na kujiepusha na pombe. Ipo kuachiwa kwa sharti la kutotenda kosa tena kwa kipindi fulani. Na ipo ile watu wanayoiita kifungo cha nje, chini ya Sheria ya Huduma za Jamii ya mwaka 2002, kwa kosa ambalo kifungo chake hakizidi miaka mitatu: anafagia hospitali, anafyeka nyasi za shule, bila malipo, jioni analala kwake. Anayefagia Makandana siku tatu kwa wiki hana kisingizio cha kukosa kliniki ya Makandana.

Kabla ya uamuzi, afisa probesheni humwandikia hakimu taarifa kuhusu maisha ya mshtakiwa. Msingoje awatafute, nendeni ofisini kwake. Mpeni barua ya kliniki, mwambieni nani ataishi naye, nani atasimamia dawa, mlalamikaji anasemaje. Mlalamikaji aliyerudishiwa mali yake na kuombwa radhi na wazee mara nyingi hulainika, na afisa ataliandika hilo. Taarifa isiyo na jina la mtu wa kumpokea haimpi hakimu pa kushika.

Akiwa ndani

Kama amefungwa Tukuyu, au amepelekwa Ruanda au Songwe, kadi ya kliniki imfuate wiki ya kwanza. Gereza lina mhudumu wa afya; mwombe mkuu wa gereza nafasi ya kumkabidhi barua ya daktari yenye mambo manne: ugonjwa, jina la dawa na kiasi chake, tarehe ya sindano ya mwisho, tarehe ya inayofuata. Nakala baki nayo. Siku za kutembelea, usiulize tu "unakula?" Uliza "unalala?" na "unapewa dawa saa ngapi?" Akijibu kwa wasiwasi na kutazama pembeni, rudi kwa mhudumu wa afya kwa upole. Makelele langoni humrudia mfungwa.

Sasa hesabu. Mfungwa mwenye kifungo kinachozidi mwezi mmoja hupata punguzo la theluthi moja kwa tabia njema, kwa hiyo mwaka mmoja kwa kawaida ni miezi 8. Uliza gereza tarehe ya kutoka ukaiandike. Kisha kumbuka kwamba Aprili 26 na Desemba 9, Muungano na Uhuru, ndizo siku ambazo Rais hutangaza misamaha mara nyingi, na ndugu yako anaweza kusimama mlangoni kwako miezi kadhaa kabla ya tarehe uliyoiandika. Familia nyingi hukutwa na jambo hilo zikiwa hazijajiandaa hata godoro.

Wiki mbili hadi tatu kabla ya kutoka, fanya mambo mawili. Mwombe mhudumu wa afya wa gereza, kama mgonjwa yuko kwenye sindano ya mwezi, amchome karibu na siku ya kutoka na amwandikie karatasi. Kisha nenda kliniki ya Makandana upewe siku ya kuhudhuria ndani ya wiki ya kwanza ya uraia. Sindano hiyo inawanunulia karibu mwezi mzima wa utulivu, na mwezi huo ndio wenye vishawishi vyote.

Wiki mbili za kwanza

Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha takwimu za waliotoka magerezani katika jimbo la Washington. Katika wiki mbili za mwanzo, hatari yao ya kufa kwa kuzidisha dawa za kulevya ilikuwa mara 129 ya wakazi wengine. Sababu yake ni ya mwili tu. Aliyekaa gerezani miezi kadhaa bila unga mwili wake umeshasahau kuuhimili. Akirudia kiasi kilekile alichokuwa akitumia Mbeya au Tunduma, pumzi inasimama. Kama ndugu yako aliwahi kutumia unga, mwambie hili kwa maneno haya haya, bila kuhubiri. Ukimkuta haamki, anapumua polepole kama anayekoroma, midomo imebadilika rangi, mlaze ubavu asipaliwe, usimnyweshe maziwa wala kumwagia maji, mkimbize hospitali, na waambie waganga ukweli wa alichotumia. Kuna dawa ya kumwamsha, naloksoni, ila wanaomtibu wanapaswa kujua mapema kwamba ni unga.

Kwa mlevi, gereza limekwisha kufanya sehemu ngumu: mwili umeshakaa miezi bila pombe. Halafu sisi tunampokea kwa nini? Kwa debe la kimpumu. Shangazi kakopa ulezi, wajomba wametoka Kyimo, kila mtu anataka kunywa na aliyerudi. Najua ni heshima, na najua atakayepinga ataonekana mchoyo. Mpokeeni kwa ndizi za nyama na maziwa ya mgando, mwimbe mpaka usiku. Anayetaka kimpumu akanywe kwake.

Halafu kuna ardhi, ambayo makala za afya huiruka na ambayo Rungwe hairukiki. Alipokuwa ndani kipande chake kimepandwa parachichi na kaka yake, au chai yake inachumwa na jirani kwa mkataba wa mdomo. Siku ya nne anakwenda kukiangalia. Siku ya tano kuna panga. Kikao cha ukoo kikae kabla hajatoka, si baada: nani ametumia shamba, amevuna nini, atarudisha lini, na yeye atakula nini kwa wakati huo. Andikeni, mtendaji ashuhudie. Nimeona watu wakifukuzana na dawa kwa mwaka mzima wakati kilichokuwa kinamwumiza mgonjwa ni robo eka.

Kazi nayo. Vibarua vya kupakia ndizi na kuchuma chai hulipwa jioni, fedha mkononi, na kilabu kiko njiani. Kaa naye mkubaliane, mkubaliane kweli na si kumwamuru: labda malipo yapitie kwenye simu ya mama yake kwa miezi michache, labda alipwe kwa wiki. Mtu mzima anayenyang'anywa hela zake bila kuulizwa atazitafuta kwa njia nyingine.

Dalili za kurudi nyuma

Usingizi ndio wa kwanza kupotea. Mgonjwa aliyekuwa analala usiku mzima akianza kutembea uani saa nane za usiku, siku mbili mfululizo, usingoje ya tatu. Baada ya usingizi hufuata kujitenga, kuacha kuoga, kushuku chakula, kucheka peke yake, kusema majirani wanamzungumzia. Kwa mlevi, dalili ni uongo mdogo mdogo kuhusu alikokuwa na rafiki wa zamani anayeanza kupita nyumbani. Kuanguka tena kupo, hata kwa walio imara, na kukitokea rudini kliniki kama mnavyorudi malaria ikijirudia. Matusi na kumfukuza nyumbani vinampeleka stendi, na stendi inampeleka mahabusu.

Wekeni daftari moja la nyumbani: tarehe za sindano, dawa zilizobadilishwa, siku alizokosa usingizi, majina na vyeo vya watu mliowaona. Lihifadhiwe na watu wawili, kwa sababu anayemtunza mgonjwa naye huugua, husafiri, huchoka. Huyo mtunzaji, ambaye mara nyingi ni mama au dada, apangiwe wa kumpokea angalau siku moja kwa wiki.

Namba za simu za kubandika mlangoni: 112 kwa dharura, 199 kwa maswali ya afya kwa Wizara ya Afya, 119 kwa dawa za kulevya, 116 kama kuna mtoto anayeteseka katika nyumba hiyo. Zote hazina malipo.

Serikali ya kijiji nayo ina sehemu yake. Mkutano mkuu wa kijiji hukutana kila baada ya miezi mitatu, na watu huulizana kuhusu barabara na michango ya shule. Ombeni ajenda moja zaidi: kilabu kinafunguliwa saa ngapi na nani anasimamia, na mhudumu wa afya wa jamii apewe orodha ya kaya zinazotarajia mtu kutoka gerezani, kwa hiari ya kaya hizo, ili apite wiki ileile. Mtendaji akisema hakuna bajeti, mwambieni kazi hiyo haihitaji posho, inahitaji jina la mtu mmoja na siku ya kupita.